Boksi Lililosifiwa Bila Mashallah

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza toeni hayo madude masikioni. Siwezi kuzungumza na mtu ambaye kichwa chake kinadunda. Mimi nimeishia darasa la nne na naandika polepole, kwa hiyo na nyinyi someni polepole, hakuna anayewafukuza.

Nakaa Kariakoo. Nyumba yangu ni zile za zamani, za chini, korido katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Zimebaki chache. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, jua tunaliona likiwa utosini tu, likisogea kidogo limeshaingia nyuma ya maduka ya mapazia. Mara kwa mara huja mtu mwenye viatu vilivyochongoka kuniuliza kama nauza. Namwambia kaa unywe maji, ukimaliza nenda zako.

Katika ua huo ndimo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, anamotengenezea maboksi ya sabufa za magari. Kwa asiyejua, na heri yake asiyejua, sabufa ni ile spika kubwa inayotoa mdundo wa chini. Spika yenyewe peke yake si kitu. Ukiiwasha ikiwa mkononi inatetemeka tu kama mbuzi aliyenyeshewa. Nguvu yake ni boksi. Boksi likiwa zito, limebana kila pembe, hewa haina pa kutokea, mdundo unatoka umeshiba. Boksi likiwa legelege linaumeza mdundo wote lenyewe, wewe unaambulia mafua. Hayo sikufundishwa na mtu. Ukikaa uani kwako unachambua mchele na watu wanabishana juu ya kichwa chako kila siku, utayajua tu.

Na bado sioni hasa wanatafuta nini. Mtu ana gari mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba, kioo kimebandikwa gundi ya karatasi, lakini kwenye buti ameweka spika inayotikisa vikombe kabatini mwangu kabla gari halijakata kona. Nilimuuliza mmoja wao, mwanangu, maneno ya wimbo unayasikia? Akacheka. "Bibi, maneno ya nini, sisi tunasikiliza kwa kifua." Kwa kifua. Mimi kifua changu nilikitumia kunyonyesha na kukohoa. Marehemu mume wangu alikuwa na redio ya mbao, nikiifunika kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, ilisema habari, ilisema vifo, ilipiga taarabu, na kuta zilibaki mahali pake.

Lakini mtu mzima amechagua kazi yake, utasemaje. Nilimpa kona ya ua, nikamwambia vumbi lako lisifike kwenye mchele wangu. Basi.

Sasa ulikuwa wakati wa masika. Alikuja kijana mmoja anayekodisha gari lake kwenye harusi, lile linalobeba bwana na bibi na kutangulia msafara. Alitaka boksi. Alisimama uani kwangu na miwani ya jua, wakati nimeshasema jua huku hatulioni, akamwambia mjukuu wangu: "Fundi, nataka kitu cha kutisha. Msafara ukifika, watu wajue harusi imefika kabla hawajaiona." Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mjukuu wangu akapokea cha kununulia vifaa, akampa mkono, akasema fresh.

Wiki hiyo Jangwani palijaa maji, kama panavyojaa kila mvua ikikasirika. Maji yakaingia kwenye ghala moja la mbao za unga, zile zinazotengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa. Mwenye ghala akawa anaziuza kwa bei ya kutupa. Nani alikwenda kuzichukua? Zilifika kwangu juu ya mkokoteni, zimefunikwa turubai kama maiti ya mtu mkubwa. Mjukuu wangu akaniomba nitoe nguo zangu kwenye kamba ili nafasi ya jua aipate yeye.

Nikamuuliza, "Mume wangu, hizo mbao mbona unazianika kama dagaa wa soko la Feri?"

Humwita mume wangu, ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wake wa kiume.

Akasema, "Hazianikwi, Bibi. Zinapumzika."

Zinapumzika. Nikaziangalia. Pembe zilikuwa zimevimba kama maandazi yaliyozidishiwa hamira. Nikachukua nguo zangu nikaondoka.

Akazikata, akazipiga msasa, akaunga. Nilikuwa naona skrubu zinazunguka bila kung'ata, na yeye anachanganya gundi na vumbi la mbao na kupaka kwenye matundu kama anaziba meno. Kisha akalivalisha boksi lote kapeti jeusi, limebana, halina hata mkunjo. Likapendeza, siwezi kusema uongo. Lilikaa pale uani kama bibi harusi anayesubiri kuchukuliwa, na kila aliyekuja kuchota maji alisimama kulitazama.

Mmoja wao alikuwa mpangaji wangu wa chumba cha mbele. Huyu mama anatoka kusini, upande wa Masasi, ni mkristo, anaishi peke yake, na pale kibarazani nje ya chumba chake anakaanga mihogo. Wapagazi wote wa mtaa ule wanakula kwake, na wasichana wa madukani. Huamka kabla yangu na sijawahi kusikia mlango wake ukibamizwa. Mpangaji namna hiyo mjini hapa humpati kwa kutangaza.

Alikuja na ndoo yake, akaliona boksi, akalipitishia kiganja juu. Akasema, "Eh, kaka, hili boksi limenenepa. Kariakoo nzima hakuna kama hili." Akachota maji akaenda zake.

Hakusema zaidi ya hayo. Lakini kwenye mkeka wangu alikuwa amekaa wifi yangu, dada wa marehemu. Wifi yangu huja asubuhi na kuondoka jioni, na katikati hapo kazi yake ni kusikia. Akanigusa goti.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia. Kasifia boksi."

"Kasifia mpaka akamaliza, na Mashallah hakuitaja."

Nyinyi wa siku hizi labda mmeshaacha, lakini kwetu pwani ukisifia mtoto wa mtu, au chakula chake, au nyumba yake, unatanguliza Mashallah, ili jicho lako lisikidhuru ulichokipenda. Asiyesema, watu humtazama kwa upande. Mimi ni mwislamu na sikatai kwamba jicho lipo. Ila nilimwambia wifi yangu, yule ni mtu wa kusini, kwao wanasifia na kuondoka. Akasema, "Haya. Tutaona."

Kesho yake kijana wa miwani akaja na gari. Wakalipakia boksi kwenye buti, wakaunganisha nyaya, wakafungua muziki. Tulikuwa wengi pale mbele ya nyumba, wapagazi wameacha mikokoteni, wasichana wametoka madukani. Mjukuu wangu amekunja mikono kama waziri anayefungua daraja.

Ikatoka sauti ambayo sijui nyinyi mnaiitaje. Fwaa. Fwaa. Kama mtu mnene amekalia mto.

Kijana akavua miwani. "Fundi, hii ni besi au ni mtu anapiga chafya?"

"Subiri, bado haijapata moto."

"Spika inapata moto? Hiyo ni chapati?"

Watu wakacheka. Wakaongeza sauti, chafya ikawa kubwa zaidi. Kijana akalishusha boksi mwenyewe, na spika yake ndani. Akasema, "Nakuja Alhamisi. Nikikuta bado linaumwa mafua, nachukua spika yangu na chochote kitakachonitosha hapa uani." Akaondoka.

Mjukuu wangu akashinda amefungua nyaya, amefunga nyaya. Akalaumu mashine ya kuongezea sauti. Akalaumu betri ya gari ambalo halipo. Nikamwambia, mbona hulifungui boksi lenyewe? Akanijibu bila kunitazama.

"Boksi halina tatizo, Bibi. Boksi nimelijenga mimi."

Hapo ndipo wifi yangu aliposogea na maneno yake ya kusifia bila Mashallah. Na yule mtoto, ambaye jana yake alikuwa hawezi kukaa na wifi yangu hata muda wa kunywa chai, akayadaka kama mtu anayezama aliyetupiwa kamba. Nilimwona usoni. Alifurahi. Hakufurahi kwamba amejua ugonjwa, alifurahi kwamba amepata wa kumtwisha.

Akatoka moja kwa moja mpaka kibarazani. Yule mama alikuwa anageuza mihogo, wateja wamemzunguka.

"Mama, jicho lako limeniulia kazi."

Akainua uso. "Jicho langu? Hili linalotoka machozi ya pilipili tangu asubuhi?"

"Jana ulilisifia boksi. Leo halisemi. Na Mashallah hukusema, watu wamesikia."

"Kaka, mimi kwetu kitu kikiwa kizuri tunasema kizuri. Sikujua kama nimekukosea."

"Umeshajua."

Alisema kwa sauti ya mtu anayenadi nguo, mtaa mzima ukasikia. Na mtaa wetu, nawaambia kwa kuwa naufahamu, una watu wenye simu zenye kamera pande zote na maghorofa yenye lifti, lakini ukiwatajia jicho wanarudi nyuma wote kwa pamoja. Msichana wa duka la vitenge akarudisha muhogo ambao ulishafungwa kwenye gazeti, akasema amekumbuka amefunga. Hakuwa amefunga, mdomo wake ulikuwa na mafuta. Wapagazi wakahamia kwa muuza chapati wa ng'ambo. Mpaka alasiri karai limejaa mihogo imepoa, na yule mama amekaa mbele yake amekunja mikono kwenye kanga, anatazama barabara.

Jioni wifi yangu na mjukuu wangu wakaja chumbani kwangu, wamekaa ukingoni mwa kitanda kama washenga.

"Bibi, yule mpangaji atoke."

"Kwa kosa gani?"

"Si umeona mwenyewe."

"Nimeona boksi linakohoa. Unataka nimtoe mtu kwenye chumba chake kwa sababu boksi linakohoa?"

Wifi yangu akaingilia. "Leo boksi. Kesho je? Kesho ataitazama mimba ya mtu."

"Nani ana mimba humu ndani, wifi? Wewe?"

Akavuta ushungi wake. Akasema mimi nafanya mzaha na mambo yaliyoandikwa. Nikamwambia sijaona palipoandikwa sabufa. Basi akaleta shauri: boksi lifukizwe udi na ubani, lishibe moshi, husuda itatoka. Lisipopona baada ya hapo, mpangaji aondoke kabla ya Jumamosi, maana akiwepo hata boksi jingine litakufa vilevile. Mjukuu wangu akaitikia kwa kichwa. Wamekaa juu ya kitanda changu wanapangana nani akae kwenye nyumba yangu, na hakuna aliyeuliza mwenye nyumba anasemaje.

Nikawaambia fukizeni. Sikusema kwa kuamini. Nilisema watoke kitandani.

Hawajafika mbali, mlango ukabishwa hodi. Yule mama. Nyuma yake mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, nikaona godoro limeviringishwa na kufungwa kamba, na masufuria yameingizwa moja ndani ya jingine.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hilo godoro linakwenda wapi?"

"Nimekuja kuaga. Kuna mwenzangu Mbagala ana chumba, nitajibana kwake. Huku hata nikibaki sitauza. Wanasema nina jicho."

"Nani amekufukuza?"

"Hajanifukuza mtu. Lakini Bibi, muhogo hauliwi kwa mtu anayeogopwa."

"Mwenye nyumba ni mimi, na mimi sijakwambia kitu. Kaa mpaka nikwambie."

Akakaa, lakini godoro hakulifungua.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, wifi yangu akaja amevaa kanga mpya, na chetezo chake cha udongo, na makaa, na udi aliouchota kwenye kopo langu bila kuniomba. Uani pakajaa. Watu wanaokwambia hawana muda wa kwenda kumwona mgonjwa, walikuwa na muda wa kuja kutazama boksi likifukizwa. Nikamwita na yule mama. Nikamwambia simama hapa karibu nami, maana kesi ni yako.

Mjukuu wangu akaitoa spika. Likabaki tundu kubwa la duara mbele ya boksi, sufuria lingeweza kupita. Wakalilaza boksi, tundu juu. Wifi yangu akashusha chetezo ndani kwa kibano, akanyunyiza udi na ubani, akasoma alivyosoma, kisha akafunika tundu kwa sinia langu la kulia pilau na kulibana kwa kanga iliyolowa maji, moshi usitoke. "Liacheni lishibe," akasema.

Tukasubiri. Sinia halikutoa hata uzi wa moshi, wifi yangu amelibana barabara. Lakini baada ya kitambo, kwenye pembe ya chini ya boksi, katikati ya manyoya ya kapeti, ukaanza kutoka moshi mwembamba. Halafu pembe ya pili. Halafu ubavuni, mstari mzima, kama mvuke wa sufuria ambalo mfuniko wake haukai.

Wifi yangu akainua mikono. "Mnaona? Mnaiona inavyotoka? Husuda hiyo, inatoka."

Watu wakarudi nyuma. Yule mama akanishika mkono wa gauni.

Mimi nikainama. Magoti yangu hayapendi, lakini niliinama. Nikauliza, "Wifi, mbona inatoka kwenye maungio tu? Husuda yako inazijua pembe?"

"Inatoka inapopata njia."

"Ndiyo. Na njia ameiweka nani?"

Nikaagiza kisu changu cha samaki. Mjukuu wangu akasema, "Bibi, usikate kapeti, tafadhali, kapeti lile ni la kuagiza." Nikakata. Nikaivuta pembe ya kapeti, na mbao ikaja na kapeti. Ilimeguka kama kashata iliyolowa. Nikashika kichwa cha skrubu kwa vidole viwili, vidole vya bibi kizee, nikaivuta ikatoka bila bisibisi, na nyuma yake likabaki tundu linalofuka udi.

Mpagazi mmoja kule nyuma akasema, "Kumbe uji."

Mjukuu wangu akaanza. "Bibi, mimi sikujua kama zimelowa kiasi hicho."

"Ulijua. Ulizianika penye kamba zangu. Nguo zangu mimi zilishinda kwenye beseni ili mbao zako zipumzike."

"Nilidhani zimekauka."

"Na ulipokuwa unaziba matundu kwa vumbi, ulidhani nini? Skrubu ilikuwa inazunguka mkononi mwako bila kushika, ukalivalisha boksi kapeti, ukatoka nje ukamwambia mtu mzima kwamba jicho lake ndilo lililokuulia kazi. Kuanzia leo mimi si mke wako. Nadai talaka."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Wifi yangu alikuwa anakusanya makaa yake kimyakimya. Nikamwambia udi uliobaki urudi kwenye kopo.

Nikamtoa mjukuu wangu mpaka kibarazani, na watu nyuma yetu, wapagazi na wasichana wa vitenge na muuza chapati mwenyewe. Nikamwambia, muombe radhi. Akasema kitu akitazama viatu vyake.

"Ulipomshtaki ulitumia sauti gani?"

Akageuka kuwatazama wapagazi.

"Tumia ileile."

Akaitumia. Mtaa ukasikia kwamba mbao zilikuwa za mafuriko, kwamba yeye ndiye aliyezinunua, na kwamba mama huyu hana jicho lolote zaidi ya haya mawili. Yule mama akamwambia, "Nimesikia, kaka." Akaingia ndani. Nilimfuata kwa macho. Godoro lilikuwa bado limefungwa kamba.

Na nilijua kwa nini. Asubuhi yake, siku ya Alhamisi, aliwasha jiko kama kawaida. Wapagazi wakapita. "Shikamoo mama," "marahaba," wanapita. Mmoja nikamuuliza mimi mwenyewe, wewe leo huli? Akasema ameshiba. Saa hizo hata chai alikuwa hajanywa. Ndivyo watu walivyo. Wameona mbao kwa macho yao, wamesikia radhi kwa masikio yao, na bado tumbo lao linamwogopa. Uongo uliingia kwa dakika na sasa unataka kupangishwa.

Alhamisi hiyohiyo kijana wa miwani alikuja. Mjukuu wangu akafungua mdomo, akaanza, "Kaka, kulikuwa na hitilafu kidogo kwenye umeme wa..." Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu nachambua mchicha. Nikakohoa. Akaanza upya. Akasema mbao zililowa na yeye alijua.

Kijana alilitazama lile boksi lililochanwa, akalisukuma kwa mguu. "Fundi umenijengea biskuti."

"Nipe mpaka Jumamosi asubuhi."

"Jumamosi asubuhi gari linapambwa maua."

"Kabla ya maua."

Akakubali, kwa sababu fundi mwingine wa kumkubalia kwa muda ule hakuwepo, si kwa huruma. Wala mimi sikumwonea huruma mjukuu wangu. Aliuza simu yake, akaenda kununua plaiwudi nene, kavu, ukiigonga inakujibu kama mlango wa mbele wa nyumba. Akaniletea niiguse. Nikamwambia usiniletee mimi, mimi kazi yangu mchicha.

Lakini nilikuwa naangalia. Safari hii alipima na kupima tena. Kila ungio alilipaka gundi mwanzo hadi mwisho, si kwa vitone, ndipo akapiga skrubu, na akatoboa kwanza ili mbao isipasuke. Ndani akaweka miti ya kushikiza, mmoja kutoka ubavu mpaka ubavu, mingine kwenye pembe zote, ili kuta zisicheze mdundo ukianza. Vibano vya kubania hakuwa navyo vya kutosha, akaniomba kinu changu cha kutwangia, na jiwe la kusagia, na ndoo za maji, akazipanga juu ya boksi mpaka gundi ishike. Kwa hiyo na kinu changu kimeingia kwenye mambo ya kusikiliza kwa kifua. Mwisho akapitisha silikoni, ile gundi laini ya kuzibia nyufa, kwenye kila mshono kwa ndani, kwa kidole, akirudia. Kapeti hakuweka. Aliliacha boksi uchi, akalipaka vanishi tu, kila ungio linaonekana.

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, kijana wa miwani anapiga honi kama mwenye mtaa. Mjukuu wangu na mwenzake mmoja wakalinyanyua boksi, zito, wanatembea kwa ubavu kwenye korido. Mimi nikaweka kigoda changu kwenye mlango wa mbele nikakaa.

"Bibi, tupishe, gari linasubiri."

"Lisubiri. Wekeni chini. Si hapo. Kibarazani, karibu na karai la mama."

Wakaweka. Wapagazi wakasimama, maana mimi kukaa mlangoni asubuhi si kawaida yangu. Wasichana wakachungulia. Wifi yangu alikuwa amefika, akanong'ona kama akachukue udi. Nikamwambia udi wangu hauchomwi kwa ajili ya mbao.

Nikamwita yule mama atoke chumbani. Akatoka, mikono ina unga wa muhogo, hajui anaitiwa nini. Nyuma yake nililiona lile godoro na kamba yake. Nikawaita na wa ndani wote, mjukuu wangu, binti yangu, wapangaji wa uani, na wifi yangu kwa kuwa naye anakula kwangu, nikawaambia hivi:

"Sikilizeni, sitarudia. Kuanzia leo hakuna boksi litakalotoka kwenye nyumba hii kabla halijajazwa moshi, hapa kibarazani, mbele ya watu, siyo kule uani mnakofichana. Moshi wa makumbi ya nazi unatosha. Chetezo atakiweka mama huyu, sinia atafunika yeye, na atakayelizunguka boksi kutafuta pembe inayovuja ni yeye, kwa jicho lake hilohilo. Wewe mjukuu wangu utasimama pembeni na bisibisi, mdomo umefungwa. Moshi ukitoka, unarudi uani unaanza upya. Usipotoka, boksi haliendi mpaka yeye alipitishie mkono na kulisifia, na alisifie kwa maneno ya kwao, kama alivyozoea. Haya, mmoja akalete makumbi. Na wewe, wifi, ingia chumbani kwa mwenzako umfungulie godoro."